Urani Halisi ya Mzee Zachariah

Jumamosi, tarehe 19 Julai 2025. Waithaka iliamka imefunikwa na ukungu mzito, manyunyu yakidondoka juu ya mabati bila sauti, na baridi ya Julai ikipenya mpaka kwenye meno. Jua halikuonyesha dalili ya kutoka.

Zachariah Mwaura alipiga magoti kando ya kitanda kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka arobaini. Aliomba kwa sauti, maana aliamini kwamba sala ya kunong'ona ni sala ya mtu mwenye jambo la kuficha. Alishukuru kwa uzima. Alishukuru kwa akili, akakaa kidogo hapo kwenye akili, kisha akaanza kuwaombea wanafunzi wenzake wa darasa la jioni, mmoja mmoja kwa jina, na kila jina akalifungia kijembe ndani yake kama sindano iliyoachwa kwenye pindo la nguo.

"Bwana, msaidie Muthama aelewe kwamba kupaka rangi si kufanya kazi. Mfungue macho Mabruka, aone kwamba kompyuta haikuletwa duniani kwa ajili ya mapishi. Mpe Mwalimu Ivyne ujasiri wa kumwambia mjinga kwamba ni mjinga. Na yule kijana Naeem wa Hurlingham, ukipenda, mnyenyekeze kidogo. Leo. Kabla ya saa sita. Amina."

"Amina," aliitikia mkewe, Wahu, kutoka jikoni. "Na huyu anayeomba je, hana haja yoyote?"

Zachariah aliinuka, akaitafuta tai yake. Kuna maswali ya jikoni ambayo mwanamume huyaachia jikoni.

Wahu alikuwa amechutama mbele ya jiko la makaa. Alikwangua kwa kijiko majivu ya jana jioni, na chini yake makaa mawili yakajitokeza yakiwa mekundu kama nyanya mbivu. Akayawekea makaa mapya, akapuliza mara tatu, akateleka sufuria.

"Chai inakuja, Baba Waringa. Moto ulilala macho wazi."

"Mtu wa boila nzima," alisema Zachariah akijifunga tai, "anapikiwa kwa majivu."

"Majivu haya yamekulea," alisema Wahu.

Kweli alikuwa mtu wa boila. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameitunza boila ya dobi katika hospitali moja kubwa, chuma chenye ukubwa wa nyumba ya chumba kimoja, kilichokula dizeli na kutema mvuke wa kufulia shuka za wagonjwa. Alikipenda chuma kile kuliko watu wengi aliowafahamu. Zaidi ya yote alipenda swichi yake. Ukiipandisha, bana, kichomeo chake, inanguruma na mwali unaruka. Ukiishusha, kimya. Hakuna kubembelezana. Zachariah aliona kwamba laiti binadamu wangalikuwa na swichi kama ile, Nairobi ingekuwa mahali pa kukalika.

Alipostaafu, alipumzika wiki mbili, akachoka na mapumziko, akajiandikisha kwenye darasa la jioni la kompyuta mjini. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili, na jambo hilo lilikuwa limemkaa moyoni kama mfupa wa samaki kooni. Aliingia darasani akiwa na umri wa miaka sitini, akiwa na daftari jipya, kalamu mbili, na dharau ya kutosha watu wote watakaokutana naye.

Darasa lilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Biashara. Mwalimu Ivyne alifundisha kuandika programu kwa kutumia gemu moja iitwayo Chembe. Ni gemu rahisi. Skrini ni tupu na nyeusi. Unachagua kitu, unakimwaga kwa kipanya: mchanga unaanguka, maji yanatiririka, moto unapanda, maji yakikutana na moto yanakuwa mvuke. Hakuna kushinda wala kushindwa. Unamwaga, unatazama. Na mtu anayejua kuandika programu anaweza kuongeza kitu chake mwenyewe ambacho waliotengeneza gemu hawakukifikiria. Nyongeza kama hiyo vijana huiita mod, na Zachariah, ingawa hakulipenda neno, alilitumia, kwa kuwa huwezi kukataa jina la mlango na bado ukataka kuingia.

Siku ya kwanza Mwalimu aliwaonyesha mod iliyopendwa kuliko zote. Iliitwa Urani Moto. Ulimwaga urani chungu nzima, ukaigusisha kiberiti, na skrini yote ikawa nyeupe, ikatetemeka, ikatoa uyoga wa moshi. Darasa zima lilipiga makofi.

Zachariah alibaki ameketi, mikono kifuani.

"Mwalimu," alisema, "urani inashika moto kwa kiberiti? Kama petroli?"

"Ni gemu tu, mzee," alisema Ivyne.

"Uongo ni uongo hata ukichezwa."

Mwenye kuitengeneza alikuwa Naeem, kijana wa ofisi ya gemu kule Hurlingham. Zachariah hakuwa amemwona, lakini alimchukia kwa bidii kama mtu anayelipa deni la nadhiri. Kuanzia wiki ile alienda maktaba ya mjini kila Jumanne na Alhamisi mchana. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kamusi ikiwa kando. Akajifunza kwamba kiini cha urani hupasuka kikigongwa na chembe ndogo iitwayo nyutroni, kwamba kikipasuka hutoa joto na nyutroni nyingine za kwenda kugonga jirani, kwamba kuna vijiti vya kuzimeza nyutroni hizo, ukivishusha kazi inasimama. Aliposoma habari ya vijiti alitabasamu. Swichi!

Kwa miezi minane aliandika. Akatengeneza kinu kizima ndani ya skrini, chembe kwa chembe: urani ya kijani, maji, vijiti vyeusi, mabomba, mvuke. Akakipa jina: Urani Halisi. Neno Halisi halikuwa la kujipachikia hivi hivi. Wenye gemu walikuwa na muhuri wao, alama ndogo ya kijani iliyoandikwa HALISI, ambayo mod ilipewa tu ikionekana kwamba vitu vyake vinatenda kama vinavyotenda duniani. Mod yenye muhuri iliwekwa kwenye ukurasa wa kwanza, na jina la mwenyewe chini yake. Miongoni mwa mamia ya mod, zilizokuwa na muhuri hazikufika kumi.

Zachariah aliutaka muhuri ule kama wengine wanavyotaka mtoto. Kidato cha pili kingefutika. Wazee wenzake kanisani, ambao walikuwa wamemuuliza kama darasa hilo la gemu lina sare na kipindi cha kulala, wangeona jina lake na alama ya kijani, na wangenyamaza.

Sasa, darasani kulikuwa na desturi moja. Hakuna kazi iliyotoka kabla haijajaribiwa na mwenzako, na mwenzako lazima aandike angalau swali moja katika daftari la majaribio, nawe lazima ulijibu kwa maandishi na kutia sahihi. Mwalimu ndiye aliyepanga nani amjaribu nani. Zachariah akapangiwa Mabruka.

Mabruka alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mtu wa pwani, aliyeuza leso katika duka la kaka yake chini ya ngazi zile zile. Alifunga duka, akapanda na buibui lake na kikapu cha mahamri, akaketi mbele. Mod yake mwenyewe iliitwa Jiko. Ilikuwa na makaa, majivu, mafuta, na duara dogo la unga lililoumuka likitiwa ndani ya mafuta.

"Watu wanajenga kinu," Zachariah alimwambia, "wewe unajenga jiko."

"Mzee wangu, kinu chako kimepika nini mpaka leo?" aliuliza Mabruka, akampa hamri. Zachariah alilila, kwa sababu lilikuwa tamu, akamdharau huku akitafuna.

Mabruka alikijaribu kinu cha Zachariah jioni mbili, kimya kabisa. Kisha akaandika kwa mwandiko wake wa duara: *Nikishusha vijiti, kila kitu kinapoa papo hapo. Je, hakuna joto linalobaki, kama makaa chini ya majivu?*

Zachariah alisoma na kuona haya kwa niaba yake. Makaa! Akachukua kalamu, akajibu: *Bana ikizimwa, imezimwa. Haya si mapishi.* Akatia sahihi yenye mkia mrefu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile ya ukungu, alipokunywa chai yake iliyopikwa kwa majivu na kutoka, Wahu akiwa nyuma yake na koti la kwenda ibadani na chupa ya chai kwapani.

"Si lazima uje," alimwambia.

"Miezi minane nimelala na kinu ndani ya nyumba," alisema Wahu. "Leo nataka kukiona uso."

Ofisi ya gemu kule Hurlingham, ambako kinu kingekaguliwa ili kipewe muhuri, ilikuwa ghorofa ya pili, Barabara ya Argwings Kodhek, juu ya duka la miwani. Mwalimu Ivyne na Mabruka walikuwa wamefika. Kulikuwa na viti laini vilivyokaa kama unga uliokandwa vibaya, na Zachariah alikataa kukaa kwenye kimojawapo. Naeem, ambaye ndiye angekagua, alitokea dakika ishirini baadaye, kofia ya sufu kichwani ingawa alikuwa ndani ya nyumba, viatu vyeupe pepepe, simu mkononi. Alikuwa mdogo kuliko chuki ya Zachariah ilivyomchora.

"Niaje watu wangu. Mwalimu, sasa. Mzee, sema."

"Hujambo, kijana."

"Niko fiti. Sikizeni, kuna watu wananingoja Kilimani, so hii kitu tufanye haraka. Ni gani, ile ya nyuklia? Hiyo ni area yangu."

"Najua ni eneo lako," alisema Zachariah. "Nimeona vile umelilima."

Ivyne alikohoa. Kompyuta ikawashwa.

Zachariah alisimama mbele ya skrini kubwa kama mhubiri mbele ya mkutano mgumu. Akamwaga urani kwenye kinu. Akajaza maji. Akapandisha vijiti polepole, kimoja baada ya kingine, na chembe za kijani zikaanza kung'aa. Maji yakatikisika, mvuke ukapanda kwenye bomba kwa utulivu kama moshi wa nyumba ya watu wenye amani. Wahu alisogea karibu akaweka mkono mdomoni.

"Ni kizuri," alisema, kama vile alikuwa amejiandaa kusema kinyume.

Naeem alikuwa akisoma simu. Akainua kichwa.

"Na inalipuka saa ngapi?"

"Hailipuki."

"Hata kidogo?"

"Ikiendeshwa na mtu mwenye akili, hailipuki. Inachemsha maji."

"Inachemsha maji. Tu?" Naeem alimtazama Ivyne kana kwamba ameletewa wali mtupu. "Sasa mtu atacheza aje, mzee?"

"Atafikiri."

"Ai. Watu hawakuji kwa gemu kufikiri. Yangu imepakuliwa mara elfu arobaini, na hakuna mtu amefikiri hata mara moja."

"Naamini," alisema Zachariah.

Aliendelea. Akaonyesha namna urani inavyochoka, kila chembe iliyopasuka ikigeuka taka ya rangi ya samawati. Kisha akaonyesha kile alichokipenda kuliko vyote. Kando ya kinu alikuwa amechora bwawa refu la maji safi. Taka zilisafirishwa mpaka kwenye bwawa, zikazama, na kidogo kidogo samawati yake ikafifia, mpaka zikawa nyeupe kama kaniki iliyogeuka bafta. Katika maktaba alikuwa amesoma kwamba urani iliyotumika huwekwa ndani ya maji miaka mitano na zaidi, na aliposoma hayo moyo wake uliruka, kwa maana hapo alikuwa nyumbani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameona shuka za chumba cha upasuaji zikilowekwa usiku kucha. Mwandishi wa kitabu hakuwa ameeleza sababu. Zachariah hakuhitaji kuelezwa.

"Hiyo dimbwi ni kali," alisema Naeem, kwa mara ya kwanza akiwa macho. "Hiyo rangi ikibadilika, hiyo imeweza. Basi. Naweka muhuri, tuishie. Mwalimu, kuna ile daftari yenu? Ofisi husema lazima niangalie kama kuna swali."

Ivyne alilitoa daftari, akalifungua, akasitasita. Naeem alilichukua, akasoma kwa sauti ya kuigiza, akivuta maneno kama mtangazaji wa vituko:

"*Je, hakuna joto linalobaki, kama makaa chini ya majivu?* Makaa! Nani ameuliza hii?"

"Ni mimi," alisema Mabruka.

"Na mzee amejibu, *haya si mapishi!*" Naeem alicheka mpaka kofia ikamsogea. "Mzee, wewe ni noma!"

Zachariah naye akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, na katikati ya kicheko akaisikia sauti yake ikipanda pamoja na ya Naeem, moja ikiegemea nyingine kama walevi wawili. Hakuna jambo duniani walilowahi kukubaliana na kijana huyu isipokuwa hili: kwamba mwanamke yule ni mjinga. Kicheko kikamkwama.

Mabruka alikuwa ameweka mikono juu ya kikapu chake.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Kama bado, malizeni. Mimi sina haraka, duka lina mtu."

Kisha akamgeukia Zachariah.

"Mzee wangu Zachariah, mimi sikusoma vitabu ulivyosoma. Nakuuliza tu. Hizi taka, mnazitia majini kwa nini?"

"Zitakate," alisema Zachariah. "Zinalowekwa."

"Muda gani?"

"Miaka mitano. Na zaidi. Imeandikwa."

"Miaka mitano." Mabruka alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepima kitambaa kwa mkono. "Mimi nauza nguo, mzee wangu. Nimeona doa la damu, la kutu, la muhogo, la embe. Doa gani hilo la miaka mitano? Nguo ikilowekwa wiki moja tu inaoza."

Zachariah alilitazama bwawa lake kwenye skrini.

"Na kama si doa," aliendelea Mabruka, kwa upole uliomuuma kuliko kicheko, "mtu hutia nini majini akakiacha? Mimi najua kimoja. Kaa la moto. Ukilitoa jikoni likiwa limevaa majivu, mtoto huliona jeusi, akalishika. Kwetu twalitia majini kwanza. Ndiyo maana niliuliza."

"Lakini vijiti vimeshuka," alisema Zachariah. "Nimezima."

"Umezima kupasuka. Vilivyokwisha kupasuka je?"

Alimtazama mkewe, hakujua kwa nini. Wahu hakuwa akitazama skrini. Alikuwa akimtazama yeye, na usoni mwake mlikuwa na kitu kibaya sana: huruma.

"Miaka thelathini na saba," alisema Wahu taratibu, "nafukia moto jioni, naufukua asubuhi, mbele ya macho yake. Leo asubuhi pia."

Mstari mmoja wa programu yake ulimjia Zachariah kichwani kana kwamba mtu ameuandika ukutani. Aliufahamu, maana aliuandika mwenyewe Alhamisi moja akiwa na haraka ya kufika kwenye sehemu ya bwawa: *joto linalotoka kwa taka ni sifuri*. Hakuwa ameusoma popote. Hakuna kitabu kilichomwambia. Ni boila ya dizeli iliyomwambia, swichi ile iliyoshuka na kuleta kimya, naye akaichukua akaipachika ndani ya kitu asichokijua na kukiita halisi.

Naeem alikuwa ametafuta kwenye simu. Midomo yake ilikwenda kimya kimya, kisha ikasimama.

"Eh," alisema. "Kumbe ni ukweli. Imesema hata ukizima, zile vipande zinaendelea kutoa joto. Siku nyingi. Miaka. Ati maji ikikatika hapo, kinu inaweza kuyeyuka hata kama imezimwa." Akamwangalia Mabruka kama mtu aliyeona kikapu kikizungumza. "Mama, ulijuaje?"

"Sikujua, mwanangu. Niliuliza. Ninyi ndio mliojua."

Nje mtu alikuwa akipiga honi bila kukoma, na manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua ya kweli.

Zachariah alikichukua kipanya. Akashusha vijiti vyote. Akafunga maji. Kwenye skrini kinu kilipoa mara moja, chembe zote zikatulia, nadhifu, kimya, hata moja isitoe mvuke. Ilikuwa picha nzuri sana. Kiberiti cha Naeem kilikuwa uongo wa mtoto, kila mtu angeweza kuucheka na kwenda zake. Hiki kilikuwa uongo wa mtu mzima aliyevaa tai. Mwanafunzi fulani angekaa mbele yake, azime, aone imepoa, aamini, kwa sababu alama ya kijani ingemwambia aamini.

"Mzee, usijali," alisema Naeem, akitazama saa. "Hakuna mtu atajua. Wangapi watazima wangojee? Mimi naweka muhuri saa hii, ukurasa wa kwanza, jina lako hapo chini, wewe utarekebisha pole pole ukipata nafasi. Si ni sawa?" Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Ilikuwa karibu hivyo. Zachariah aliiona alama ya kijani ikingoja kwenye pembe ya skrini, ndogo kama jani la mchicha, na jina lake, Z. Mwaura, limekwisha kuandikwa kwa rangi ya kijivu likisubiri kukolezwa. Aliwaona wazee wa kanisa wakinyamaza. Miezi minane. Kamusi. Mfupa wa samaki.

Kisha akamtazama Naeem, kofia yake, viatu vyake vyeupe, kidole chake kisichojali, na kwa mara ya mwisho siku ile dharau yake ilimfaa kwa jambo fulani. Aliona kwamba mkono uleule uliotoa kiberiti ndio uliotaka kumpa muhuri, na kwamba akiupokea, hatakuwa tena na mahali pa kusimama akimdharau. Na hilo, Mungu amsamehe, lilimuuma zaidi kuliko dhambi yenyewe.

"Toa kidole," alisema.

"Mzee..."

"Nimesema kitoe. Usiguse kazi yangu."

Naeem alikitoa, akainua mikono yote miwili. "Sawa, sawa. Ni wewe umekataa, sio mimi. Nafasi ingine ni mwaka ujao, na pengine haiko."

"Nimesikia."

Wahu alifungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko, akampa mumewe. Hakuinywa. Aliiweka juu ya meza ya Naeem, akalivuta daftari la majaribio, akatoa kalamu. Alilikata jibu lake kwa mstari mmoja, sahihi na mkia wake, akaweka tarehe kando. Mwalimu Ivyne aligeuka akatazama dirishani.

Zachariah alifumba macho. Wote walijua kwamba angeomba, maana alikuwa akiomba hata kabla ya kufungua faili. Walingoja wasikie majina yao. Lakini sala ile haikuwa na sauti. Midomo yake ilikwenda kidogo, ikatulia, na kwa mara ya kwanza mkewe hakujua alichosema.

Alipofumbua macho alimgeukia Mabruka. Alitafuta neno la kuanzia. Alizoea kumwita "wewe".

"Mama Mabruka," alisema.

"Naam, mzee wangu."

"Nilikula mahamri yako miezi minane, nikakudharau huku nikitafuna."

"Nilikuwa nakuona," alisema Mabruka. "Nikasema, madhali anakula."

Wahu alicheka kidogo, akajizuia. Zachariah hakucheka. Aliichukua kofia yake aliyokuwa ameiweka mezani, akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, akasimama wima, kama wanavyosimama watu siku wanapoapa kanisani, na akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye ngazi:

"Mwalimu Ivyne, nisikie. Wahu, nisikie. Na wewe, Naeem, nisikie hata kama una haraka, maana shahidi hachaguliwi kwa viatu. Mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi hivi. Leo, kabla sijatia chakula kinywani, nitalifuta neno Halisi kwenye jina la kazi yangu. Nitaketi chini ya Mama Mabruka kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na kila swali atakaloandika kwenye daftari hili nitalijibu nikiwa nimesoma, si nikiwa nimecheka. Na neno hilo halitarudi, mwaka huu wala mwaka ujao wala siku nitakayozikwa, mpaka Mama Mabruka mwenyewe ashushe vijiti, afunge maji, angoje mpaka achoke, kisha aguse kinu changu na aseme kwa mdomo wake: bado kuna moto."